Hatua Tisa Hadi Boila

Chumba cha udobi cha hospitali kilifunguliwa kila siku saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, na kitu cha kwanza kuguswa hakikuwa maji wala sabuni, bali ubao. Ulikuwa ukutani kando ya mlango, una misumari sita, na juu ya kila msumari palikuwa na mchoro wa chaki: boila, beseni la kulowekea, mashine ya kukamua, kamba, pasi, na meza ya kukunjia. Kila mfanyakazi alikuwa na kibao chake kidogo cha mti, kimetobolewa tundu na kuchomwa alama kwa chuma cha moto. Alama, si jina, kwa sababu aliyeanzisha utaratibu huo hakujua kusoma, na hakuona kwa nini mashuka yamsubiri ajifunze.

Huyo alikuwa Bi Mkubwa, aliyekiongoza chumba kile miaka ishirini na miwili. Alifika kabla ya wote, akaenda moja kwa moja kwenye boila, akazungushia taulo mbichi mkononi hadi kwenye kiwiko, akafungua koki ya mvuke. Koki ile ilikuwa na tabia mbaya. Ilitema kwanza ndipo ikubali kufunguka, kama mlevi anayeamshwa. Bi Mkubwa alirudi na mkono unachuruzika maji ya moto, akachukua kibao chake, ambacho hakikuwa na alama yoyote, akakitundika kwenye msumari wa boila. Kisha akageuka na kuuliza, "Nani yuko nyuma yangu?"

"Tupo!" walijibu wenzake kumi, na kila mmoja akatundika kibao chake alipotaka mwenyewe. Aliyeumwa mgongo alikimbilia kukunja. Aliyegombana na mumewe alikimbilia kukamua. Kazi ikaisha kabla ya jua kutua na hakuna aliyeweza kueleza imeishaje.

Bi Mkubwa alifariki Jumapili, siku ambayo hakuwa na zamu, na waliomjua wakasema hata kufa kwake kulikuwa na adabu. Jumatano yake akaletwa msimamizi mpya kutoka stoo.

Watu walimwita Karani, na hata dada yake mkubwa wa tumbo moja alimwita hivyohivyo. Dada huyo alikuwa mmoja wa wale kumi, mwenye kibao cha alama ya kijiko. Wazazi walipofariki yeye ndiye aliyemlea mdogo wake, akamsomesha kwa kufua, na siku Karani alipopata kazi ya kalamu alilia machozi ya furaha mbele ya watu. Leo kijana wake wa juzi amekuwa mkuu wake wa kazi. Alimtazama akiingia na shajara kwapani, akasema kwa sauti ya chini, "Haya, tuone."

Karani hakuwa mtu mbaya. Tuliseme hilo mapema, maana kuna watakaotaka kumtafutia pembe. Alikuwa amekaa stoo miaka kumi na mmoja, na aliwapenda watu kama alivyovipenda vitu vya stoo: kila kimoja mahali pake, na kisipungue hata kimoja. Alichokiona kwenye ubao kilimkosesha raha. Watu wanajichagulia kazi! Leo kwenye kamba wanne, kesho mmoja. Akaona dawa ni ndogo tu. Kuanzia siku ya pili vibao angevitundika yeye mwenyewe.

Asubuhi ya siku hiyo ya pili Mama Pacha, mmoja wa wale kumi, alikuwa bado getini, anamsimulia mlinzi habari za mwenye nyumba wake. "Nikamwambia, mzee wangu, nyumba gani hii inayovuja," alikuwa akisema, na Karani, huko ndani, akatundika kibao chake chenye vitone viwili kwenye msumari wa kukamua. Hapohapo Mama Pacha akawa mbele ya mashine ya kukamua. "Kuliko mtaro?" akamalizia, akiiambia mashine.

Aliangalia miguu yake. Ilikuwa mitupu.

"Karani, kandambili zangu zimebaki getini."

"Utazichukua ukitoka."

"Ungeniita tu, baba. Ningekuja."

Karani alijaribu na wengine. Ilikuwa hivyohivyo. Kibao kikigusa msumari, mwenye kibao yuko kazini, awe alikuwa chooni au katikati ya kikombe cha chai. Miguu ya aliyetundikwa haikutoka mahali pake mpaka kibao kihamishwe au kengele ya saa kumi jioni ilie. Hakuna aliyeishika. Haikuona tu sababu ya kwenda. Watu walilalamika, hasa kuhusu chai, lakini si sana. Walijifunza kuja wamevaa viatu vya kufunga kwa kamba, na mambo yakaenda.

Tena yalikwenda vizuri. Karani alikuwa na jedwali lenye rangi tatu, na mashuka yalihesabika kwenda na kurudi bila kupotea hata foronya. Mkurugenzi wa hospitali, ambaye ofisi yake ilikuwa ghorofa ya tatu na ambaye udobini alikuwa hajawahi kushuka, alituma salamu za pongezi. Karani alizibandika karibu na ubao.

Kilichopungua kilikuwa kidogo kidogo. Kapu likianguka hatua mbili kutoka kwa mtu, lilibaki limeanguka. Siku moja mvua ilikuja ghafla na mashuka mia mbili yako kwenye kamba uani, na huko nje alikuwepo mtu mmoja tu, mzee mwembamba mwenye kifua kibovu aliyeitwa Babu Kamba. Zamani, tone la kwanza likidondoka, Bi Mkubwa alikuwa uani tayari na aproni kichwani, na chumba kizima kilikuwa mgongoni kwake. Sasa Karani alisimama mlangoni akapiga kelele, "Twendeni! Anueni, anueni!" Watu wote walimtazama. Walitaka kwenda, nyuso zao zilionyesha hivyo. Mama Pacha alijipinda mpaka kiuno kikalia, lakini miguu ilibaki kwenye mashine.

Karani akarudi mbio kwenye ubao, akaanza kuhamisha vibao kimoja kimoja kwenda kwenye msumari wa kamba. Alipofikisha cha sita, mvua ilikuwa imemaliza kazi yake. Babu Kamba alikuwa amelowa chapachapa, amekumbatia mashuka manne.

"Nilisema twendeni," Karani alimlalamikia dada yake jioni, wakati wakielekea nyumbani. Aliishi chumba cha uani nyumbani kwa dada yake, na njia yao ilikuwa moja.

"Ulisema," alijibu Dada. "Ukiwa umesimama."

Karani alikuwa na jambo jingine kichwani, nalo ni boila.

Tangu Bi Mkubwa aondoke, ilibidi mtu afungue koki. Karani aliweka zamu, mtu mmoja kila siku, kwa haki kabisa, na kibao kisicho na alama alikitia kwenye droo. Yeye mwenyewe hakuwa na kibao. Msimamizi hatundikwi, aliwaeleza, maana akitundikwa, nani atatundika? Hoja hiyo haikuwa na tundu. Dada alipangiwa Alhamisi. Karani angeweza kumruka, lakini watu wangesema anapendelea damu yake, na yeye alikuwa mtu wa haki.

Koki nayo ilikuwa inazeeka. Mpira wake wa ndani ulikuwa umeliwa, na kila wiki ilitema mbali zaidi. Jumatatu ilimchoma Mama Pacha shingoni, kidogo. Jumanne ya wiki iliyofuata ilitoboa glavu ya Babu Kamba. Karani aliandika barua kwa Mkurugenzi kuomba koki mpya. Ikarudi na mhuri: IMEPOKELEWA. Akaandika ya pili yenye jedwali la majeraha. Imepokelewa. Ya tatu aliambatanisha glavu yenyewe. Glavu ilirudi nayo imepigwa mhuri.

Jumamosi, Dada alimkuta uani akinoa penseli.

"Mdogo wangu, barua basi. Twende tukamwone yule mtu. Sote. Tukasimame pale tumwambie hatuwashi boila mpaka koki ibadilishwe. Bi Mkubwa aliwahi kutupeleka mara mbili, tukapata glavu na tukapata feni."

"Mtasema nini?"

"Wewe utasema. Utakuwa mbele, sisi nyuma."

Karani alifikiri sana. Hakulala vizuri siku mbili, na jambo hilo tumpe sifa yake, kwa sababu wapo wanaolala. Jumatatu asubuhi aliingia na nyundo. Akapigilia msumari wa saba kwenye ubao, na juu yake akachora kwa chaki meza kubwa na kiti chenye magurudumu. Kisha akahamishia hapo vibao vyote kumi.

Chumba kikawa kitupu. Mabeseni yalibaki yanatoa povu. Karani alisubiri mbele ya ubao, kwa sababu mtu alipaswa kubaki kuvihamisha tena, na pia kwa sababu aliogopa kupanda zile ngazi.

Walichokisimulia wale kumi baadaye ni hiki. Walijikuta ghorofa ya tatu, juu ya zulia, aproni zinadondosha maji. Mkurugenzi aliinua kichwa. Walikuwa na maneno, Dada alikuwa nayo kwenye ncha ya ulimi kabisa, lakini mtu aliyetundikwa mahali mikono yake huanza kazi ya mahali hapo, na kazi ya kusema ilikuwa ya mtu ambaye hakuwepo. Mama Pacha alijiona anashusha mapazia. Babu Kamba aliyapokea. Dada alikunja magazeti, kisha mafaili, kisha koti la Mkurugenzi, mikunjo minne sawasawa. Baada ya dakika ishirini ofisi ilikuwa inang'aa.

"Kazi nzuri sana," alisema Mkurugenzi. "Nani kawatuma?"

"Karani," alisema Dada. Hilo ndilo neno pekee lililotoka.

Jioni ile Mkurugenzi aliteremka udobini kwa mara ya kwanza. Hakuitazama boila. Aliutazama ubao kwa muda mrefu na mikono nyuma, akaugonga kwa kidole kimoja.

"Huu wako?"

"Ndiyo, mkuu. Lakini mkuu, kuhusu ile koki..."

"Hospitali nzima inauhitaji," alisema Mkurugenzi. "Wauguzi, wapishi, walinzi, wote. Ila nimeona kasoro moja. Hivi vibao vinaning'inia tu. Mtu akipita anaweza kukigusa, kikahama. Vinatakiwa vikazwe."

"Na koki, mkuu?"

"Andika barua."

Alhamisi ilikuwa zamu ya Dada. Alizungushia taulo mkono wa kulia akaifikia koki kwa ubavu, kichwa amekigeuza, kama alivyomwona Bi Mkubwa akifanya miaka yote. Safari hii koki haikutema. Ilichomoka. Mvuke ulimvua ngozi kuanzia kiganjani mpaka kwenye kiwiko, na mlio wa mvuke huo ulisikika mpaka wodi za juu.

Mama Pacha alipiga yowe akiwa kwenye mashine. Babu Kamba alilia waziwazi akiwa kwenye kamba. Walioweza kutembea walikuwa wauguzi, na wao ndio walioshuka na machela wakambeba Dada, maana anayebebwa hahitaji miguu yake ikubali. Karani alikuwa amesimama mbele ya ubao. Alimwona akipitishwa. Dada hakupiga kelele. Alimwangalia tu, kama siku zile Karani alipokuwa mtoto na kuvunja kitu.

Karani aliingia ofisini kuandika taarifa ya ajali, nakala tatu. Alilia akiandika, machozi yakaharibu nakala ya kwanza, akaanza upya. Alipotoka, fundi seremala alikuwa anafunga sanduku lake la vifaa.

"Nimemaliza hapa," alisema fundi. "Vyote nimevikaza na parafujo. Naenda jikoni."

"Umevikaza vipi?"

"Nilivyovikuta, bosi."

Kibao chenye kijiko kilikuwa kwenye boila.

Siku ya pili, saa kumi na mbili kasoro dakika tano, kitanda namba kumi na nne cha wodi ya wanawake kilikuwa kitupu, na Dada alikuwa mbele ya boila kwa gauni la wodi, mkono umefungwa bendeji hadi begani. Mafundi wa zamu walikuwa wameirudisha koki ileile na kuifunga kwa waya. Daktari alikuwa ameandika apumzike wiki tatu. Karatasi ya daktari ilikuwa halali, na parafujo nazo zilikuwa halali. Dada alizungushia taulo mkono wa kushoto.

Karani alileta bisibisi. Aliingiza, akazungusha. Parafujo ilizunguka vizuri sana, haikukwama hata kidogo, lakini haikutoka. Alizungusha mpaka kiganja kikafanya lengelenge. Alijaribu kung'oa msumari kwa nyundo, na ukuta ukatoa vumbi, na msumari haukutoa chochote. Alipanda ghorofa ya tatu, akaambiwa Mkurugenzi yuko kwenye kikao cha kujadili ubao.

Basi akarudi, akafungua droo, akatoa kile kibao kisicho na alama. Alikishika kwa muda. Kilikuwa kimelainika kwa kushikwa, na pembeni kilikuwa cheusi kwa mvuke. Akakitundika kwenye msumari wa boila, juu ya kijiko cha dada yake. Akafumba macho.

Hakuna kilichotokea. Alifumbua jicho moja. Alikuwa palepale.

"Unafanya nini?" Dada aliuliza kutoka kwenye boila.

"Nasubiri kupelekwa."

"Na nani?"

Karani alionyesha kibao. "Si ndicho kilichokuwa kinampeleka Bi Mkubwa?"

Dada alimtazama kwa huruma, na huruma hiyo ilimuuma kuliko matusi. "Karani wangu. Kile hakikumpeleka mahali. Alikuwa anakwenda kwanza. Mkono ukirudi umelowa, ndipo anakitundika."

"Sasa ubao ulikuwa wa nini?"

"Wa kutuonyesha yuko wapi."

Karani aliangalia sakafu kati yake na boila. Ilikuwa sakafu ya kawaida, ya saruji, yenye ufa mmoja na mfereji wa kupitishia maji. Alijiambia aende. Alijiambia tena. Katika hospitali nzima, yenye vibao mia mbili na arobaini vilivyokwisha kukazwa, ukimwacha Mkurugenzi, miguu ya mfanyakazi iliyobaki huru ilikuwa yake peke yake, na ilikuwa mizima, imevaa viatu vyake vya ngozi alivyonunuliwa na dada yake siku ya kwanza ya kazi. Alinyanyua mguu wa kulia. Akauona uko juu. Akawaza, nikienda, nani atabaki na shajara?

Akaushusha, akafanya alichokiweza. Alihesabu kwa macho hatua za kutoka kwenye ubao mpaka kwenye boila. Zilikuwa tisa. Aliziandika, akapiga mstari chini yake, kwa ajili ya barua ya nne.

Wiki tatu za daktari zilipita hivyo, kisha nyingine. Barua ya nne ilirudi na mhuri wake. Wagonjwa walizoea kitanda namba kumi na nne kuamka kitupu na kujazwa tena jioni. Jikoni wapishi walijikuta mbele ya masufuria wakiwa bado na mswaki mdomoni, wakacheka, wakaendelea. Mkono wa kulia wa Dada ulipona ukiwa umepinda, vidole viwili havifunguki. Wa kushoto ulianza kupata madoa.

Asubuhi moja, asubuhi kama nyingine, alimaliza kuzungushia taulo na akasimama kidogo kabla ya kushika koki. Hakugeuka. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi:

"Nani yuko nyuma yangu?"

"Tupo!" walijibu wote. Mama Pacha kutoka kwenye mashine, Babu Kamba kutoka uani akikohoa, na wengine kutoka kwenye beseni, pasi na meza. Hakuna aliyesogea hata unyayo mmoja. Sauti zao zilifika, basi.

Karani naye alifungua shajara. Dada akageuza kichwa pembeni, akaizungusha koki, mvuke ukajaa chumba. Karani akatazama saa yake ya mkononi, akaandika: imefunguliwa saa kumi na mbili na dakika nane.